Kutu nyeupe ya krisanthemamu: kipimo cha PCR kianzie kwenye mimea mama

Krisanthemamu nyingi zinazochanua katika vitalu vya Ulaya zilianza kama pingili zisizo na mizizi, zilizokatwa katika mashamba ya Kenya, Uganda au Arusha na kusafirishwa kwa ndege zikiwa kwenye ubaridi. Biashara hiyo inakabiliwa na ugonjwa wa kutu nyeupe, unaosababishwa na kuvu iitwayo Puccinia horiana. Hadi mwaka 1963 ulijulikana China na Japani tu, kisha ukaenea ulimwenguni kupitia pingili kama hizi.

Mkaguzi hugeuza jani na kutafuta, upande wa chini, vipele vya waridi iliyofifia ambavyo baadaye huwa vyeupe. Upande wa juu huonekana madoa ya manjano yaliyobonyea. Dalili hizo huchukua wiki moja hadi mbili kujitokeza, na joto kali au dawa ya kuvu huzichelewesha zaidi, ilhali pingili humfikia mnunuzi ndani ya siku chache. Ndiyo maana wanaotetea kipimo cha PCR, kile kile ambacho wengi walikijua wakati wa UVIKO-19, wana hoja nzito: kinaweza kuibaini DNA ya kuvu ndani ya jani ambalo kwa macho halina kasoro yoyote.

Hata hivyo, maabara hupima kile tu ilicholetewa. Ikiwa pingili moja kati ya 1,000 imeambukizwa, na mkaguzi akachukua 300 bila kuchagua, uwezekano wa kuipata walau moja yenye ugonjwa ni takriban asilimia 26. Ili ufike asilimia 95 atahitaji karibu 3,000. Hakuna mashine inayofidia sampuli ndogo, na majibu safi yaliyotokana nayo humpa mnunuzi uhakika asiostahili kuwa nao.

Jambo la pili huwaumiza wakulima moja kwa moja. PCR husoma DNA ya kuvu iliyokwisha kuuawa na dawa sawasawa na ya iliyo hai. Kwa kuwa kuvu za kutu huishi ndani ya mmea hai tu, haziwezi kuoteshwa kwenye sahani ya maabara ili kuthibitisha uhai wake, kama inavyowezekana kwa kuvu nyingine za mimea, mfano Fusarium. Kuteketeza shehena nzima kwa jibu moja la namna hiyo ni kumwadhibu mtu ambaye huenda alishautibu ugonjwa.

Kwa maoni yangu, kipimo hiki kinafaa zaidi shambani kuliko uwanja wa ndege. Mimea mama ni michache kuliko pingili inazozaa, hukaa mahali pamoja, na inaweza kupimwa mara kwa mara. Jibu likitia shaka, mmea hutengwa penye unyevu na kuangaliwa kama vipele vitatokea, bila shehena kuozea ghalani. Ukaguzi wa macho kabla ya kutoa cheti cha afya ya mimea uendelee. Gharama ya vipimo hivyo nayo wanunuzi wa Ulaya waichangie, kwa sababu vitalu vinavyolindwa ni vyao pia, na mkulima mdogo akiachiwa mzigo huo peke yake atalazimika kuacha biashara hii.