Shemeji Ndani ya Buti

Shemeji yangu akiliona gari langu la mwaka 1984 huuliza litastaafu lini. Lina kabureta, choki ya kuvuta kwa mkono, vioo vya kuzungusha na platini zinazodai msasa kila mara. Lake ni jipya: linafunguka likiusikia ufunguo mfukoni, breki ya mkono ni kitufe, na hata kitabu cha maelekezo kimo ndani ya skrini. Kwenye breki simbishii. Lake lina ABS, langu lina maombi.

Siku aliyorudi safari alilikuta kimya. Rimoti haijibu. Tukaanza na kilicho rahisi, betri ya rimoti, CR2032 ya volti 3. Mpya nayo haikubadili kitu. Basi ni betri kubwa, na mnyonyaji alijulikana: kamera ya kioo cha mbele, iliyoungwa kwenye fyuzi inayobaki na umeme hata gari likizimwa.

Ndani ya rimoti mna kijifunguo cha chuma, na tundu lake limefichwa chini ya kifuniko cha kitasa cha dereva. Mlango ukakubali.

"Shem, tulisukume liwake," akasema.

Linalosukumwa likawaka ni la gia za mkono. Kwenye otomatiki, pampu ya mafuta ya giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikilala, hakuna presha ya mafuta ya kushikisha gia, na magurudumu hayana njia ya kuiamsha. Tena gia ilikuwa imefungwa kwenye P, ile ya kuegesha, na breki imeng'ata, zote zinasubiri umeme.

Umeme uko kwenye betri, betri iko kwenye buti, na buti linafunguliwa kwa umeme. Shemeji akataka kusoma maelekezo. Akaitazama skrini nyeusi, akanitazama mimi, hakusema kitu.

Akalaza kiti cha nyuma, akajipenyeza kichwa mbele kuitafuta kamba ya dharura ya buti. Alipofika kiunoni akanasa. Nikavuta boneti, ambayo kwa bahati bado inatumia kebo, nikakuta kifuniko chekundu chenye alama ya kujumlisha: ncha ya kubustia, yaani ya kuazima umeme wa gari jingine, waliyoiweka mbele kwa sababu betri iko nyuma. Ingekuwa vizuri angeijua kabla hajaingia.

Waya mwekundu kwenye ncha ile, upande wa pili kwenye chanya ya betri yangu. Mweusi kwenye hasi yangu, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha injini yake. Hiyo ndiyo ya mwisho kuungwa, maana hapo ndipo cheche hutokea, na cheche hazitakiwi karibu na betri inayoweza kutoa haidrojeni.

Cheche ndogo, kisha king'ora. Gari lilikuwa limezinduka na kukuta mlango umefunguliwa bila rimoti, na kwa akili zake huo ni wizi. Majirani wakatoka mbio, wakakuta miguu miwili ikirusha mateke kwenye kiti cha nyuma.

"Kanaswa na gari lenyewe!" mmoja akashangilia.

Rimoti ya kukinyamazisha ilikuwa mfukoni mwa mwizi. Nikaingiza mkono kwenye suruali ya shemeji mbele ya mashahidi wote hao, kisha tukamvuta kwa miguu.

Nililiacha langu likinguruma kama mizunguko 1,500 kwa dakika, maana alteneta ya zamani haitoi umeme wa maana injini ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta. Baada ya dakika chache akakanyaga breki, akabonyeza kitufe, likawaka. Tukachomoa nyaya, tukianza na ule mweusi wa mwisho. Kwa ukarimu wake akapenyeza mkono dirishani na kulizima langu, eti nisichome petroli bure.

Nikapiga stata: tik. Betri ilishatoa sadaka yake yote.

Bahati nzuri hili linasukumika. Swichi wazi, gia ya pili, klachi chini. Mwendo ukishapatikana unaiachia klachi mara moja. Shemeji akainama nyuma, akasukuma, na tulipofika mbali kidogo gari lake likaanza kulia pi-pi-pi, likilalamika kwamba ufunguo umeondoka.

"Usigeuke, shem," nikamwambia. "Sukuma."