Kigae Kimejipasua Chenyewe

Nauliza kistaarabu tu. Katika nyumba yenye watu wote hawa, na wote wanaoga, nani aliyeangusha kitu kizito juu ya kigae cha bafuni? Hakuna. Kwa hiyo kigae kimekaa usiku, kikawaza maisha, kikajipasua. Sawa. Mimi mtu mzima, siwezi kugombana na familia kwa ajili ya udongo uliochomwa. Yamekwisha. (Ile chupa ya shampuu iliyobonyea kona naiona, lakini yamekwisha.)

Mama watoto akasema tubadilishe. Tubadilishe na nini? Vigae vya aina hii viliacha kuuzwa siku ile ile vilipomalizwa kupangwa, ndivyo wanavyofanya. Na ukikigongoa kimoja kwa patasi, majirani zake wawili nao wanakufuata. Nikaona bora tuzibe.

Nikamwita fundi. Nikamwambia wazi: kuziba.

Fundi akafika, akasimama mlangoni mwa bafu, mikono nyuma, kimya. Akachuchumaa. Akasonya. Kisha akauliza swali ambalo kila fundi amezaliwa nalo: "Bosi, hivi alikuwekea nani?"

"Nilivikuta."

"Basi alikuonea."

Akachomoa bisibisi, akaanza kugonga kwa mpini. Ko, ko, ko. Kile chenye ufa: ko. Cha pembeni yake: pu. Akanigeukia kama daktari mwenye majibu mkononi.

"Umesikia?"

"Nimesikia pu."

"Chini kuna hewa. Hakijashika. Hapa bosi itabidi tushushe sakafu yote."

"Fundi, ufa ni huu mmoja."

"Huo ndio unaouona wewe. Na ukuta nao..."

"Ukuta umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Ila tukiweka sakafu mpya, rangi hazitaendana."

Nisimwonee, kugonga si uganga. Kigae chenye uwazi chini kinacheza ukikikanyaga, na ufa wake ukiuziba leo utafunguka tena. Lakini kilichosema pu ni jirani, na jirani hana hata mkwaruzo! Mgonjwa wangu amesema ko, mbele ya mashahidi! Sasa nihukumiwe kwa makosa ya jirani? Fundi hakusikia, alishahamia kwenye sinki, anagonga. Nikamshika bega kwa upole, nikamsindikiza kabla hajafika kwenye paa. Mlangoni akataka hela ya kuangalia. Ya kuangalia! Mimi naangalia ule ufa kila asubuhi na hakuna anayenilipa.

Basi nikaingia kazini mwenyewe. Weusi wa ule ufa ni sabuni na uchafu wa miili yetu, unautoa kwa ncha ya wembe, taratibu, huku magoti yanakulaani. Unafuta kwa spiriti, unaacha pakauke kabisa, maana gundi ya epoksi na maji haviongei. Gundi yenyewe ina mirija miwili, unakamua sawa kwa sawa, unakoroga kwa kijiti, na ile inayoshika haraka inakupa dakika 5 tu. Dakika 5 hizo ndizo watu wa nyumba hii huchagua kukuita. "Baba, rimoti iko wapi?" Unajaza ufa kwa kijiti cha meno, unapitisha wembe juu kusawazisha, kinachobaki unakisugua kwa msasa laini baadaye.

Halafu rangi. Maisha yangu yote nilijua kigae changu ni cheupe. Nikapaka nyeupe ya dukani, ikaonekana kwamba cheupe changu ni cha maziwa yaliyochacha. Binti yangu akaja na rangi zake za kucha, akachanganya nyeupe na tone la kahawia, ikakubali. Sikumsifu sana, maana ile shampuu ni ya nani?

Nikatangaza rasmi: saa 24 hakuna maji kwenye sakafu hii. Gundi inashika upesi lakini kukomaa ni shughuli nyingine. Tutajifuta kwa kitambaa, hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa kuoga siku moja. Wakaitikia wote, kwa heshima kubwa.

Jioni akaingia shemeji, kutoka safari, vumbi mpaka kwenye kope. "Shemeji, shikamoo, bafu liko wapi vile?" Bafu la nyumba hii analijua kuliko mimi. Kabla sijajibu marahaba nikasikia bomba. Nimegonga mlango, ananijibu kwa wimbo. Na taulo alilochukua ni langu, lile la bluu. Sijui wageni wanaambiana nini kuhusu taulo la bluu. Kuna mengine manne pale, makavu, yamekunjwa vizuri, hakuna anayeyagusa. Juzi nimelificha nyuma ya pasi, wakalipata. Mama watoto anasema ni kwa sababu ndilo kubwa. Kubwa nililinunua kwa sababu na mimi ni mkubwa...