Kongamano bila wenyeji halijakamilika

Machi 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya Waswahili: Kilwa, Mtwapa, na hapa kwetu visiwani Lamu, Manda na Faza. Asili ya kuukeni ilikuwa karibu yote ya Kiafrika. Kuumeni, sehemu kubwa ilitoka Uajemi, na kuchanganyika kwao kulianza kufikia mwaka 1000 hivi.

Habari za Washirazi, watu wanaosimuliwa kuja kutoka Shiraz ya Uajemi, zimo katika tarikh ya Kilwa, yaani historia ya kale ya mji huo, tangu zamani. Wanahistoria wengi walikwisha kuziweka kando, wakiziona ni hekaya za watu kujitukuzia nasaba.

Lakini katika kongamano la historia yetu, mpe mtaalamu wa vinasaba jukwaa peke yake, na kesho mtu atatangaza kwamba Mwajemi ndiye aliyetujengea miji. Hapo ndipo namtaka mwanaakiolojia aliyekaa kiti cha pili ainue mkono. Kule Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 akakuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8, kabla ya kuchanganyika huko. Kisha aseme mwanaisimu: wajukuu wa Waajemi hao walizungumza Kiswahili, lugha ya Kibantu, lugha ya mama zao.

Mwaka 1947, mwanaakiolojia Louis Leakey aliitisha Nairobi kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, akawakutanisha wachimbaji, wanajiolojia na wachunguzi wa visukuku. Siku hizi makongamano mengi hugawanywa vyumba vidogo vidogo, kila fani na chumba chake, na watu hukutana kwenye chai tu. (Nami naamini nusu ya elimu iko hapo kwenye chai.)

Bado kuna fani moja haialikwi: wenyeji. Kongamano lolote litakalojadili mifupa ya Manda litenge siku moja Lamu mjini, kwa Kiswahili, na kina mama wawe mstari wa mbele. Wao wangewauliza wageni jambo ambalo maabara haina: katika koo kubwa za hapa, baba humpa bintiye nyumba, na mume ndiye anayehamia. Je, mfanyabiashara wa Kiajemi aliyeoa Manda aliishi nyumbani kwa nani, na watoto wakalelewa kwa desturi za nani?