Zimebaki Siku 43

Kengele ya shule yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini. Lori lenyewe sijui liliishia wapi, ila laiti dereva wake angejua kwamba rimu ile ingekuja kuniamsha saa kumi na moja alfajiri kila siku ya Mungu, nadhani angeliendesha kwa adabu.

Niko kidato cha nne, shule ya bweni, Dodoma. Jua la huku halichomozi, linafika likiwa limeshakasirika. Na Jumatatu ndiyo siku ya paredi kubwa. Walimu wanasimama barazani, kwenye kivuli. Sisi tunasimama uwanjani. Mbele yetu kuna ubao mweusi ulioegemezwa kwenye nguzo ya bendera, umeandikwa kwa chaki siku za kufikia mtihani wa taifa: KIDATO CHA NNE, ZIMEBAKI SIKU 43. Chini yake mtu mwingine, mwandiko wa vidole, kaongeza: za kuishi.

"Mguu pande! Mguu sawa!" anapiga kelele kaka mkuu, ambaye bwenini ananidai karanga.

Wimbo wa taifa ukiisha, unaanza ukaguzi. Sasa hapa lazima nieleze habari ya soksi yangu. Nilikuja na jozi tatu. Mwizi wa bwenini haibi jozi, anaiba moja moja, ili wewe ubaki na matumaini. Kufikia Oktoba nilikuwa na soksi moja inayofanana na ya shule, na nikaivaa mguu wa kulia, kwa hesabu kwamba mwalimu wa zamu hukagua akitokea kulia na akifika mstari wa tatu huwa ameshachoka kuinama. Siku hiyo akatokea kushoto.

Nikatolewa mbele. Nilipoulizwa sababu, nikajibu kama tunavyofundishwa kujibu kila swali shuleni: utangulizi, kiini, hitimisho. Nilikuwa bado kwenye utangulizi ("Wizi ni tendo la kuchukua mali ya mtu bila ridhaa yake") mwalimu wa taaluma akanikatisha. Wakati wenyewe ndio huo alikuwa anaingia kwenye mada yake ya kila Jumatatu: umuhimu wa kutunza muda.

Naomba nieleweke. Mwalimu wa taaluma namheshimu kama mzazi. Lakini paredi inaanza saa moja na nusu, na inatakiwa iishe saa mbili, vipindi vianze. Yeye anashika kipaza sauti saa mbili kasoro kumi kuzungumzia muda, na muda unakaa pembeni unamsikiliza. Hotuba inaanza kwa Kiingereza, kwa sababu geti letu lina kibao kinachokataza Kiswahili. Inakwenda vizuri mpaka afike kwenye matokeo ya mock, mtihani wa majaribio. Hapo hasira ikipanda, Kiingereza kinashuka kwenye gari, Kiswahili kinashika usukani: "Mnakula! Mnalala! Mnaota ndevu! Lakini kusoma, aaah!" Huyo huyo wiki iliyopita alimvisha njuka, mgeni wa kidato cha kwanza, kibao cha adhabu shingoni kwa kuomba maji kwa Kiswahili. Mtoto wa watu katoka shule ya msingi aliyosomeshwa kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, anachokijua ni "mei ai go auti", na kiu hakikuwemo kwenye sentensi hiyo.

Anamaliza saa tatu kasoro dakika tano. Na Jumatatu asubuhi, kwenye ratiba, tuna hesabu, vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa. Piga mwenyewe. Tukitoa dakika za kutafuta chaki na za kumwamsha aliyezimia kwa jua, mwalimu wa hesabu anabaki na muda wa kuandika tarehe na kuipigia mstari. Mada ya uwezekano bado hatujaifikia, na uwezekano wa kuifikia naona ni mdogo.

Halafu mnashangaa mock nilipata 28! D inaanzia 30. Alama mbili, ndugu zangu, sawa na hotuba moja tu ya kutunza muda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hesabu ninazijua, ila siyo zile wanazotunga. Mniamshe usiku wa manane mniulize pointi. Masomo saba, A ni moja, F ni tano, na mwenye chache ndiye bora. Mimi nina C tatu ninazozitegemea, Historia, Jiografia na Kiswahili, ambazo ndizo za kunipeleka HGK, mchepuo wa masomo hayo matatu kidato cha tano. Tatu mara tatu, tisa. Zilizobaki nne nikizibana zikawa D, nne mara nne, kumi na sita. Jumla 25, divisheni three, nimeingia huku mlango unafungwa na shati limebanwa. Hesabu ikiteleza tu ikawa F, 26, niko four na kina fulani ambao hata daftari hawana. Hesabu hiyo nimeifanya nyuma ya kila daftari nililonalo, prepo nzima, yaani muda wa kujisomea usiku, huku vipanga, wale wenye akili, wakipiga msuli wa kweli mbele. Mmoja wao, tunamwita Profesa, aliiangalia akaniambia, "Muda huu ungesoma vekta." Watu wengine hawana utu.

Chakula sitaki kukiongelea. Niseme tu kwamba Baraza la Mitihani lipo tangu 1973, na katika miaka yote hiyo sijasikia limemwongezea mtu alama kwa sababu ya maharage.

Basi, adhabu yangu ya soksi. Nilitegemea fimbo au kudeki choo, vitu ninavyovijua. Mwalimu wa taaluma akaniangalia, akauangalia ubao, akasema, "Kuanzia kesho wewe ndiye utaandika siku zilizobaki. Kila asubuhi. Ili uone muda unavyokwenda." Shule nzima ikacheka, na mimi nikacheka, maana nilijua nimepona.

Jumanne nikaandika 42. Jumatano 41. Alhamisi 40, namba ya duara, nikaipamba na ua. Ijumaa 39. Nikaanza hata kuipenda kazi. Njuka wakawa wananiamkia kama mimi ndiye ninayepanga tarehe ya mtihani.

Jumatatu nikaamka na rimu yangu ya lori, nikachukua dasta, nikafuta 39, nikatoa moja, nikaandika 38. Soksi nilikuwa nimeihamishia kushoto, na mwalimu wa zamu wa wiki hiyo naye akatokea kushoto. Nikapita kama maji. Nikasema moyoni, leo Mungu kaamka na mimi.

Mwalimu wa taaluma akashika kipaza sauti. Akasema "Good morning school," akaugeukia ubao, akanyamaza. Midomo ikawa inahesabu. Niliona vidole vyake vikikunjwa kimoja kimoja, nikajua Kiswahili kinakuja.

"Kumbe Jumamosi na Jumapili Baraza la Mitihani huwa linalala?"

Nikaitwa mbele. Ilikuwa saa mbili na robo, mwalimu wa hesabu amesimama barazani na rula yake kubwa ya mbao, kavumilia mpaka kaamua kuiegemea.

"Ijumaa zilibaki ngapi?"

"Thelathini na tisa, mwalimu."

"Mpaka leo zimepita siku ngapi?"

"Tatu."

"Thelathini na tisa kutoa tatu?"

"Thelathini na sita, mwalimu."

Akatikisa kichwa, karibu aniruhusu nirudi mstarini. Halafu macho yake yakashuka taratibu, yakapita mkanda, yakapita magoti, yakafika kwenye viatu, yakahama kutoka cha kushoto kwenda cha kulia.

"Na mbili kutoa moja?"