Ijumaa yenu si wikendi yangu

Kaka yangu alihamia Doha na mkewe na watoto wawili. Wikendi yao huko ni Ijumaa na Jumamosi. Sawa. Lakini mbona lazima waipumzikie kwenye simu yangu, saa tatu asubuhi, nikiwa kazini? Wala asisingizie saa; za Doha na Nairobi ni zile zile.

Tena ni video. Nisiposhika anampigia Mama, naye Mama ananigeukia: "Mbona hushiki simu ya kakako?" Nikishika, ni joto tu. Digrii 43, watoto wamefungiwa ndani na eyasii tangu Juni. Wifi anaingiza mkono chini ya bomba la maji baridi, anautoa mbio: tangi la juu ya paa limepata jua. Bomba hilo nimeshaonyeshwa mara tatu.

Kaka naye: "Nyinyi mna raha ya jua huko!" Jua gani, Julai hii? Nimevaa sweta mbili! Mtu amezaliwa Kariobangi na ameshasahau.

Halafu, kabla hajakata: nimtafutie msafiri wa kumbebea unga. Kilo nane.