Mjerumani kukosa nafasi Innsbruck, ni ubaguzi kweli?

Juzi kwenye kikao cha harusi hapa Munich stori za michango zilikatika ghafla, mzee mmoja wa kwetu akaanza kulalamika kuhusu binti yake. Mtoto kazaliwa Ujerumani, pasipoti ya Ujerumani, Abitur yake (mtihani wa kumaliza sekondari) 1.7 (kwa wasiojua, huku 1 ndo juu kabisa, ukielekea 4 unashuka), anautaka udaktari tangu yuko mdogo. Ujerumani akakosa. Akapanda treni mpaka Innsbruck, masaa mawili hayafiki, akafanya ule mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari vya Austria, MedAT, nako akakosa, halafu akaja kusikia kuna waliosoma Austria wenye maksi chini ya zake wameingia. "Tunaambiwa Ulaya moja, Ulaya moja, kumbe ubaguzi mtupu!" Watu wakaitikia, na mimi nikaitikia, mzee akiongea utafanyaje. Ila usiku nimelala nalifikiria, na kadiri ninavyolifikiria naona Waaustria kwenye hii ishu wanaonewa.

Mzee ana haki yake lakini, tusimvunjie heshima. Mwaka 1985 kulikuwa na kesi ya binti wa Kifaransa, Françoise Gravier, aliyekwenda Liège, Ubelgiji, kusomea uchoraji wa katuni, chuo kikamdai ada ya wageni ambayo Mbelgiji halipi, na Mahakama ya Ulaya ikasema hapana, huo ni ubaguzi wa uraia. Ndo maana leo binti wa mzee angepata Innsbruck asingelipa ada, ni mchango wa chama cha wanafunzi tu, euro ishirini na kitu kwa muhula, wakati wengi wa nje ya Umoja wa Ulaya ni euro 726.72 kwa muhula huohuo. (Bumu la kujikimu ni habari nyingine, hilo nchi uliyohamia hailazimiki kukupa mpaka umekaa miaka 5, labda uwe unafanya kazi.) Na Austria yenyewe ilishabanwa: zamani Mwaustria akiwa na Matura yake (cheti chao cha kumaliza sekondari) alikuwa anaingia kozi karibu yoyote anayoitaka, ila Mjerumani alitakiwa kwanza aonyeshe kwamba kozi hiyohiyo amekubaliwa kwao. Tarehe 7 Julai 2005 Mahakama ikaufuta huo utaratibu. Kwa hiyo sheria inamuelekea mzee, na huruma pia, maana mtoto wa 1.7 si kilaza, na kwao kwa miaka mingi wengi wasio na alama za karibu na 1.0 walikuwa wanapanga foleni ya kusubiri hata miaka 7, mpaka Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilipoukosoa mfumo huo Desemba 2017. MedAT haikuulizi Abitur ulipata ngapi, unakaa unafanya mtihani basi. Unaona kwa nini wanakimbilia kule.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa naomba mtu asiruke. Ujerumani ina watu zaidi ya milioni 80, Austria 9. Lugha moja, mpaka unauvuka kwa treni ya mkoa. Msimu ule wa 2017 walioomba udaktari Ujerumani walikuwa zaidi ya 43,000 na nafasi zilikuwa kama 9,000. Toa. Waliokosa ni kama 34,000. Mwaka huohuo vyuo vyote vinne vya serikali Austria, Vienna, Graz, Innsbruck na Linz, udaktari wa binadamu na wa meno kwa pamoja, vilikuwa na nafasi 1,620. Yaani Wajerumani waliokosa tu, achana na waliopata, ni karibu mara 21 ya viti vyote vya Austria! Hata kama katika kila ishirini anakuja mmoja na anafaulu, nchi nzima imejaa, mtoto wa Graz atasomea udaktari wapi? Nimelirudia hili mara nyingi na sioni pa kulikwepa. Mtu akisema "waache washindane kwa haki" anasahau kwamba ukiweka kapu la watu 9 na kapu la watu 80 kwenye mlango mmoja, haki ya mtihani haimsaidii wa kapu dogo hata akiwa na akili sawasawa na mwenzie.

Na ingekuwa wakimaliza wanabaki, sawa. Wengi wanarudi kwao. Sisi tuliotoka nchi ambazo zinasomesha daktari kwa kodi halafu unamkuta hospitali ya Manchester, hili tungelielewa kabla ya mtu yeyote, cha ajabu pale kikaoni hakuna aliyelitaja.

Ndo ukaja mgao wa 2006: asilimia 75 ya nafasi kwa waliosoma sekondari Austria, 20 kwa nchi nyingine za Umoja, 5 kwa sisi wengine wa dunia. Hapa ndo mzee alikosea, kinachoangaliwa kwenye ile 75 ni cheti cha sekondari umekipata wapi. Mjerumani wa damu aliyemalizia shule Vienna yuko ndani. Wale wa South Tyrol, ambao ni raia wa Italia, wamo pia. Laiti mzee angehamia Salzburg, Austria, miaka ile alipopewa kazi kule, binti angekuwa upande wa wenyeji (hili sikumwambia, lingeuma).

Tena haikupita kirahisi. Ubelgiji ya wanaoongea Kifaransa walikuwa na shida ileile, majirani kutoka Ufaransa walikuwa wanajaza kozi za mifugo na fiziotherapia, wakaweka kikomo cha asilimia 30 kwa wasio wakazi, kesi ikafika Mahakamani na mwaka 2010 jibu likawa: mnaweza kuzuia kama afya ya wananchi iko hatarini, ila leteni takwimu, hofu tupu haitoshi. Austria wakabaki wanadaiwa takwimu na Kamisheni ya Ulaya mpaka 2017, ndo Kamisheni ikakubali mgao wa udaktari. Wa meno ikaukataa, ukafutwa kuanzia 2019. Ubaguzi gani huo unaokaguliwa miaka kumi, halafu sehemu yake inakatwa?

Nakubali mgao una matundu. Madaktari wa Austria wenyewe wanahamia Ujerumani na Uswisi kufuata mshahara, na mgao hauwezi kumfunga mtu kamba, wala haumpeleki daktari kijijini. Na si kila anayelia kuhusu wanafunzi wa jirani namsikiliza. Waholanzi kwa mfano, vyuo vyao vilifungua wenyewe kozi za Kiingereza kibao, Maastricht ikajaa Wajerumani wanaosoma saikolojia, pesa ya serikali ikawa inakuja kwa idadi ya vichwa, leo wanashangaa vyumba vya kupanga vimeisha. Hao walikaribisha. Austria haikukaribisha mtu, imejikuta tu inaongea lugha moja na jitu kubwa.

Ambaye hakutajwa kabisa pale mezani ni serikali za majimbo ya Ujerumani. Kumsomesha daktari mmoja ni gharama kubwa, majimbo ndo yanalipa, basi yamebana nafasi miaka nenda rudi huku vijana wao wanakwenda kusomeshwa na walipakodi wa Austria, wengine Hungary kwa ada ya maelfu ya euro. Mzee anakatwa kodi Bavaria kila mwezi, malalamiko yake kayapeleka Vienna.

Binti mwenyewe, mama yake aliniambia wakati tunaosha vyombo, Machi amejiandikisha tena MedAT. Safari hii kaandika meno.