Majibu Safi ya Maabara Hayathibitishi Kinga ya Krimu

Watengenezaji wadogo wa krimu za asili hupeleka sampuli maabara, bakteria wanahesabiwa, majibu yanarudi safi, na bidhaa inaingia sokoni. Wakiambiwa wapime pia nguvu ya kihifadhi, yaani dawa inayozuia vijidudu koponi, wanauliza: siku 28 na gharama yote hiyo ya nini, wakati mzigo unaisha ndani ya wiki mbili? Kuhusu gharama, wana haki. Siagi ya shea na mafuta ya nazi, visivyo na maji, sioni sababu ya kuvipima hivyo. Sabuni ya mwani ya kipande nayo hulindwa na ualkali wake.

Lakini krimu ya shubiri na maji ya waridi ni chakula cha vijidudu. Hesabu ya bakteria inaonyesha kopo lilivyotoka kwa fundi. Haisemi lolote kuhusu vidole vyenye maji vitakavyozamishwa humo kila asubuhi. Kipimo cha ISO 11930, kiwango cha kimataifa cha kupima nguvu ya kihifadhi, huleta uchafu huo makusudi: kila gramu hupandikizwa bakteria 100,000 hadi 1,000,000, akiwemo Pseudomonas aeruginosa, mkazi wa majini asiyebagua chakula. Kwa kigezo chake kikali (A), kufikia siku ya 7 lazima wawe wamepungua angalau mara 1,000, na wasiongezeke tena siku ya 14 wala ya 28. Fangasi nao hupimwa, kwa masharti mepesi zaidi.

Mara nyingi kinachoangusha krimu ni pH, kipimo cha uasidi: namba ikipanda, asidi inapungua. Potasiamu sorbeti, kihifadhi kinachotumika sana, hufanya kazi ikiwa katika umbo la asidi. Kwenye pH 4.76, nusu yake iko hivyo. Panda hadi 5.76, inabaki asilimia 9. Kwenye 6.76, asilimia 1 tu! Fundi kapima gramu zake sawasawa, lebo inasema kweli, na kopo halina mlinzi. Hata hiyo 9, sehemu yake hukimbilia kwenye mafuta, ilhali vijidudu vinaishi kwenye maji. Vitamini E haiokoi hapo. Hiyo huchelewesha mafuta kuchacha.

Maabara nayo ihojiwe. Isipotumia vizimaji kama lesithini na polisobeti 80 kuzima kihifadhi kabla ya kuotesha vijidudu, dawa inaweza kuendelea kuvizuia kwenye sahani na krimu dhaifu inafaulu.

Mwenye bajeti ndogo ashushe kwanza pH kwa asidi ya sitriki, aipime upya baada ya wiki kadhaa koponi, kisha apeleke krimu moja tu: ile yenye maji mengi na pH ya juu kuliko zote.